Mboga na Jirani Zake

Katika gazeti letu hili mengi huandikwa juu ya mpira, safari na mitihani, lakini bustani ya nyumbani huandikwa mara chache sana. Huenda ni kwa sababu sisi wanafunzi twaiona bustani kuwa adhabu: achelewaye sala ya asubuhi hupewa jembe. Mimi mwenyewe nimelima mistari mingi ya kabichi kwa kosa hilo. Leo nataka kuandika juu ya bustani kama elimu, na hasa juu ya jambo moja: ni mboga zipi zafaa kupandwa karibu karibu, na zipi zapasa kutengwa. Kwanza nitaeleza jinsi nilivyojifunza kwa hasara, kisha nitataja sababu, na mwisho nitatoa mfano wa matuta manne ambao kila mtu aweza kuufuata kwao.

Ramani yangu

Kwetu ni kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale. Shamba letu si kubwa. Juu ya nyumba kuna migomba na kahawa, na chini ya jiko kuna kipande cha bustani chenye urefu wa hatua 30 na upana wa hatua 20 hivi. Fedha za kahawa huwa zimekwisha ahidiwa kabla hazijafika. Fedha za bustani ndizo zinazonunua sabuni, chumvi na madaftari, na ndizo zilizokuwa zikimlipia ada mdogo wangu wa kike.

Tangu zamani mwenye bustani hiyo alikuwa bibi yangu, mzaa baba. (Watu wengi wa huku humwita bibi nyanya, mimi nitasema bibi, kusudi msomaji asidhani nasimulia habari za tunda.) Bibi alipanda kila kitu pamoja: mahindi, maharage yakipanda juu ya mabua, maboga yakitambaa chini, vitunguu hapa, dodo pale, na mnavu ulioota wenyewe. Nilipokuwa kidato cha tatu niliitazama bustani ile nikaona aibu. Nalikuwa nimejifunza darasani juu ya mashamba makubwa, yenye mistari iliyonyoka na zao la namna moja, nami nikafikiri kuwa hiyo ndiyo elimu na ya bibi ni fujo.

Basi, katika likizo ya Januari nilichukua rula na karatasi nikachora ramani. Nusu ya bustani niliandika viazi ulaya, na nusu ya pili nyanya, kwa kuwa hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa na bei nzuri sokoni. Mama aliifuata ramani yangu, kwani mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Bibi hakubishana. Aliomba aachiwe pembe moja tu karibu na jiko, hatua sita kwa sita, nami nikamwachia kama mtu anayempa mtoto mchanga wa kuchezea.

Mwezi wa Machi walipanda, nami nilikuwa nimekwisha rudi shuleni. Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, na ukungu ukakaa mlimani hata saa tano za mchana. Madoa meusi yakaonekana kwenye majani ya viazi, na chini ya majani unga mweupe. Baada ya siku chache madoa yale yale yakaonekana kwenye nyanya. Katika muda usiozidi majuma mawili bustani yote ilikuwa imeungua kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nilipofika nyumbani mwezi wa Mei nilikutana na harufu ya kuoza kabla sijaona kitu. Tulichimba viazi tukatoa debe moja, na nusu yake ilikuwa imelainika.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ramani yako ilikuwa nzuri kuitazama."

Muhula wa pili mdogo wangu alibaki nyumbani kwa kukosa ada. Alikuwa darasa la sita. Aliporudi shuleni wenzake walikuwa wamemwacha mbali, ikambidi arudie mwaka. Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini katika habari hii mguu uliovunjika haukuwa wangu, ulikuwa wa mdogo wangu.

Na katika miezi hiyo tulikula nini? Tulikula kutoka ile pembe ya bibi, hatua sita kwa sita. Nilimwuliza bibi kwa nini yake haikufa. Akanijibu, "Mjukuu wangu, wewe ulipanda kama askari wanavyopangwa. Ugonjwa ukimjua mmoja, umewajua wote."

Kwa nini viazi na nyanya vilikufa pamoja

Niliporudi shuleni nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kilimo nikamweleza yote. Nilidhani atanionea huruma, lakini alinipa kazi. Alisema, "Usitoke katika kuamini rula ukaingia katika kuamini fujo. Tafuta sababu, kisha upime."

Sababu ya kwanza niliipata upesi, nayo ilinitia haya. Viazi ulaya na nyanya ni ndugu wa tumbo moja. Katika ukoo wao wamo pia biringanya, pilipili, tumbaku, mnavu, na zile mboga za huku ziitwazo nakati na ntula. Ugonjwa uliotuangamiza huitwa bakajani chelewa, nao huletwa na kijidudu kiitwacho na wataalamu Phytophthora infestans. Kijidudu hiki hupenda baridi na unyevu, na mbegu zake ndogo sana huchukuliwa na upepo na matone ya mvua. Hushika viazi na nyanya vile vile. Ndicho kilichoharibu viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, wakati watu maskini wa huko walipokuwa wakitegemea zao hilo moja kwa chakula chao; watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakahama nchi. Mimi nalikuwa nimepanda viazi upande unakotoka upepo na nyanya upande unakokwenda. Kama ningalitaka kuupandia ugonjwa daraja nisingalifanya vizuri zaidi.

Sababu tano za kuchanganya

Baada ya hapo nilianza kutafuta kwa nini mchanganyiko hufaa. Nimezipata sababu tano, nami nazieleza kwa kifupi.

1. Mimea haili mahali pamoja. Mizizi ya kitunguu hukaa juu juu. Ya karoti hushuka chini. Mahindi huenda juu kutafuta jua, na maboga huridhika na kivuli kidogo. Watu wawili wenye tabia moja wakilala kitanda kimoja watagombania blanketi. Bali mmoja akilala kitandani na mwingine mkekani, chumba chawatosha wote wawili.

2. Jamii ya kunde huleta mbolea. Ukiung'oa mharage taratibu utaona vivimbe vidogo kwenye mizizi. Kipasue kimoja: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Ndani yake mna bakteria wanaotwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Jambo hili lilithibitishwa na Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, waliotoa habari zake mwaka 1886. Lakini hapa watu wengi hukosea. Hufikiri kwamba maharage huyalisha mahindi siku ile ile, kama mama anavyonyonyesha. Sivyo. Sehemu kubwa ya chakula hicho hubaki ndani ya mharage wenyewe, na jirani hufaidi zaidi baadaye, mizizi na majani yanapooza udongoni. Kwa hiyo anayeng'oa maharage na mizizi yake, akayachoma moto makapi, amefukuza mgeni pamoja na zawadi yake. Kata shina, mizizi ibaki. Majani yarudishe shambani. Tena, maharage yetu ya kawaida si hodari sana katika kazi hii. Kunde, karanga na soya huyapita.

3. Wadudu hupotea njia. Zamani ilidhaniwa kwamba harufu kali ya kitunguu huwafukuza wadudu wote. Wataalamu wawili wa Uingereza, Finch na Collier, walitoa maelezo mengine mwaka 2000, waliyoyapata kwa kuchunguza wadudu wa jamii ya kabichi. Mdudu arukapo huvutwa na harufu mpaka karibu na kabichi, kisha hutua juu ya kitu chochote chenye rangi ya kijani. Akitua juu ya kabichi, huruka kidogo na kutua tena, mara kadhaa, ili ahakikishe kabla ya kutaga mayai. Kabichi zikiwa peke yake juu ya udongo mtupu, kila anapotua ni kabichi, naye hutaga. Zikichanganywa na mimea mingine, mara hutua penye kabichi, mara penye dodo, na mwisho hukata tamaa akaenda zake. Hata mimea ya bandia iliyotengenezwa kwa karatasi ya kijani ilipunguza mayai! Niliposoma habari hiyo nilikumbuka jinsi nilivyomwamuru mama afagie bustani iwe safi kama uwanja wa mikutano.

4. Udongo hufunikwa. Kwetu mteremkoni tone la mvua hupiga udongo mtupu na kuuchukua mpaka mtoni. Majani mapana ya maboga hulipokea tone hilo, hutunza unyevu, na huyanyima magugu jua. Sisemi kwamba maboga yatauzuia mlima usiporomoke, kama ulivyoporomoka Bududa tarehe 1 Machi 2010 na kuwazika watu wengi. Maafa ya namna ile yahitaji hatua nyingine kubwa zaidi. Nasema udongo wa juu, ule unaotulisha, hautakwenda na kila mvua.

5. Si vyote vinavyokufa kwa siku moja. Mwaka wa mvua nyingi nyanya huharibika, lakini kabichi hustawi. Mwaka wa jua kali mahindi hukauka, lakini kunde hustahimili. Mwenye vitu vingi hapotezi vyote. Hii ndiyo sababu ambayo bibi aliijua kuliko zote, ijapokuwa hakusoma hata darasa moja.

Si bibi peke yake aliyejua. Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waitwao Haudenosaunee hupanda mahindi, maharage na maboga pamoja tangu zamani, nao huyaita dada watatu. Na mazao hayo matatu, ambayo sisi twadhani ni ya babu zetu, yote asili yake ni bara la Amerika. Huku Uganda wakulima wa milimani hupanda migomba na kahawa pamoja, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mkulima hupata fedha nyingi zaidi kwa eneo lile lile kuliko apandaye kimoja peke yake.

Mfano mkubwa kuliko yote u karibu nasi. Katika miaka ya 1990 kituo cha uchunguzi wa wadudu kiitwacho ICIPE, chenye makao Nairobi na tawi huko Mbita ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kikishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, kilianza kuwafundisha wakulima njia iitwayo vuta-sukuma. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa majani ya desmodiamu, na kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo. Majani ya tembo huwavuta nondo wa funza wa mabua wakatage huko, na watoto wao wengi hufa humo. Desmodiamu ni ya jamii ya kunde, na mizizi yake hulizuia gugu chawi lisishike mahindi. Majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Wakulima wengi wa Kenya magharibi, na wa mashariki ya Uganda pia, hutumia njia hii. Tazameni: hayo nayo ni ujirani, ila umepimwa.

Jaribio letu la shuleni

Mwalimu alitupa viwanja vitatu vilivyo sawa, kila kimoja hatua kumi kwa kumi. Cha kwanza tulipanda mahindi matupu, cha pili maharage matupu, cha tatu vyote viwili. Mbolea ilikuwa sawa na palizi sawa. Wakati wa kuvuna tulipima kwa mizani ya jikoni. Kiwanja cha mahindi kilitoa kilo 18, na cha maharage kilo 6. Kiwanja cha mchanganyiko kilitoa mahindi kilo 15 na maharage kilo 3.

Wenzangu wengine walicheka wakasema mchanganyiko umeshindwa mara mbili, maana mahindi yamepungua na maharage yamepungua. Hapo ndipo hesabu inapofaa. Kilo 15 kwa 18 ni sehemu tano katika sita. Kilo 3 kwa 6 ni nusu. Jumlisha sehemu hizo mbili: utapata moja na theluthi. Maana yake ni kwamba mtu akitaka kuvuna mahindi na maharage yale yale akivipanda mbali mbali, atahitaji kiwanja kimoja na theluthi. Sisi tulipata theluthi ya kiwanja bure. Kwa mwenye ekari mia si kitu kikubwa; kwa mwenye hatua 30 kwa 20 ni ada ya mtoto.

Jaribio moja halithibitishi jambo, nami silitumii kama ushahidi wa dunia. Lakini latukumbusha yale aliyoyakuta mtaalamu D. W. Norman katika Naijeria ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Yeye alichunguza mashamba ya wakulima wadogo wa huko, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakilaumiwa kwa kuchanganya mazao, akaona kwamba walikuwa na sababu nzuri, na kwamba mchanganyiko uliwapa pato bora.

Katika mdahalo wetu wa Jumamosi rafiki yangu mmoja alisimama akasema Biblia imekataza, akataja Mambo ya Walawi 19:19, ambapo Waisraeli wanakatazwa kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja. Wengi walimpigia makofi. Padri wetu alijibu kwa upole kwamba sheria ile walipewa Waisraeli wa kale iwe alama ya kutengwa kwao. Kisha akatufungulia Isaya 28:25, ambapo mkulima mwenye akili hutia bizari, ngano na shayiri, kila mbegu mahali pake, na nyingine mpakani. Neno hilo, kila mbegu mahali pake, limenisaidia kuliko mengi niliyosoma. Mchanganyiko mzuri si fujo. Bibi alijua mahali pa kila mmea. Mimi ndiye niliyekuwa sioni mpango wake.

Tusiamini kila kilichoandikwa

Siku hizi mtu akitafuta habari za mimea rafiki atapata orodha ndefu: hiki chapenda kile, hiki chachukia kile. Nawaonya ndugu zangu. Mengi katika orodha hizo hayajapimwa, na mengine yalipimwa mbali na kwetu.

Vitabu vya Ulaya husifu karoti na vitunguu kwa sababu ya nzi wa karoti anayewasumbua huko. Karoti zetu za nyumbani hazina taabu ya nzi huyo. Hata hivyo twazipanda pamoja na vitunguu, kwa sababu ya mizizi na majani kama nilivyoeleza. Jambo ni lile lile, sababu ni nyingine.

Kadhalika husemwa kwamba ua moja la tageti, yale maua ya manjano yenye harufu kali, likipandwa kando ya mnyanya litaua minyoo midogo inayovimbisha mizizi mafundo. Ni kweli kwamba mizizi ya tageti ina sumu kwa minyoo hiyo. Lakini hufaa hasa ikipandwa kwa wingi, kiwanja kizima, kwa muda wa miezi miwili au zaidi kabla ya nyanya, kisha ikachimbiwa ndani. Ua moja moja hupendeza macho tu.

Na mimi nimekosea zaidi ya mara moja. Msimu mmoja nilipanda maboga katikati ya karoti; baada ya mwezi sikuziona karoti tena. Msimu mwingine nilipanda maharage ya kutambaa siku moja na mahindi. Maharage yakayashinda mbio, yakayapanda yangali machanga, yakayalaza chini. Jirani mwema naye lazima aje kwa wakati wake.

Jirani wasiopatana

Shikeni sheria hizi tatu, nazo zatosha:

(a) Ndugu wa ukoo mmoja wasikae pamoja wala wasirithiane. Nyanya zisipandwe karibu na viazi ulaya, wala pale vilipochimbwa msimu uliopita. Mbali na bakajani, kuna mnyauko wa bakteria ukaao udongoni na kuwashambulia wote wawili.

(b) Mrefu asimzibie jua mfupi apendaye jua. Mahindi yasiwekwe mahali ambapo kivuli chake kitaanguka juu ya vitunguu au nyanya.

(c) Mwenye kutambaa apewe njia ya kutokea. Boga likae mwisho wa tuta, uso wake ukitazama nje.

Matuta manne

Kila tuta liwe na urefu wa futi 12 na upana wa futi 4, ili mtu afike katikati bila kulikanyaga. Samadi iliyooza itangulie.

Tuta la kwanza: mahindi, maharage na boga. Mahindi mistari miwili, umbali wa futi mbili na nusu, na shimo hadi shimo futi moja na nusu. Maharage mafupi katikati, inchi 6 kutoka mmoja hadi mwingine, siku ile ile. Kama ni maharage ya kutambaa, ngoja mahindi yafike urefu wa kiganja, ndipo uyapande karibu na shina. Boga moja mwisho wa tuta.

Tuta la pili: kabichi au sukuma wiki, pamoja na dodo. Miche mistari miwili, futi moja na nusu kutoka mmoja hadi mwingine. Siku unayohamisha miche, mwaga mbegu za dodo nyembamba katikati na kandoni. Baada ya majuma manne hivi ng'oa dodo ukale au ukauze, kabla kabichi hazijafunga nafasi. Hivyo tuta halikai tupu hata siku moja.

Tuta la tatu: nyanya na dania. Miche futi mbili mbali mbali, kila mmoja na mti wake wa kuegemea. Matawi ya chini yanayogusa udongo yakatwe, na maji yamwagwe chini, si juu ya majani. Dania ipandwe kandoni, na mingine iachwe itoe maua, kwani maua yake huwavuta wadudu rafiki ambao watoto wao hula vidukari.

Tuta la nne: karoti na vitunguu, mstari kwa mstari, inchi 9 kutoka mstari hadi mstari. Wakati wa kupunguza karoti, punguza jioni na umwagilie.

Msimu unaofuata makundi yahame: la pili liende tuta la kwanza, ili kabichi zile masalio ya maharage, la tatu liende la pili, la nne liende la tatu, na la kwanza liende la nne. Kwa njia hii nyanya hazirudi tuta lake mpaka msimu wa tano. Andikeni katika daftari nini kilikuwa wapi, na kilitoa kiasi gani, maana kichwa husahau.

Neno kwa ndugu wa zamani

Nyinyi mliokwisha maliza masomo hapa, wengi wenu mko Kampala, Jinja na kwingineko, nanyi mnawatumia wazee fedha kwa simu. Asanteni. Lakini pamoja na fedha hutuma pia maagizo: ng'oa hiki, panda kile, nimesikia bei imepanda. Nami nawaomba, kama mtu aliyekwisha kutuma ramani: kabla hamjaagiza, ulizeni kwanza kile kilichopo kimepandwa hivyo kwa nini. Kama jibu lapatikana, lipimeni. Na nyinyi wenye uwanja mdogo wa mjini, magunia mawili ya udongo yatosha kuanza, sukuma wiki katika moja na vitunguu na dania katika la pili.

Kwetu bustani ya chini ya jiko imerudi kuwa ya bibi, ila sasa ina daftari, nami ndiye karani wake. Mwaka jana mvua ya Aprili ilikuwa kali tena, na bakajani ikarudi. Nyanya zetu zilikufa karibu zote. Sitawadanganya kwamba ujirani mwema huponya kila ugonjwa. Lakini lilikufa tuta moja tu kati ya manne. Kabichi, vitunguu na maharage vilikwenda sokoni kama kawaida, na muhula wa pili ulipofunguliwa mdogo wangu alikuwa darasani siku ya kwanza.

Wakati wa likizo alinisaidia kupima vitunguu. Aliniuliza kama naweza kumfundisha kuchora ramani ya bustani. Nilimwambia aende akamwulize bibi kwanza, kisha aje na karatasi.